Nyumba na Bustani: Mita ya pH, Jinsi ya Kuichagua na Kuitunza

Mwezi huu twapenda kuzungumza na wasomaji wetu, akina baba na akina mama, na hasa vijana wanaopenda kilimo, juu ya chombo kidogo ambacho siku hizi kimeanza kuonekana katika nyumba zenye bustani. Chombo hicho ni mita ya pH. Umbo lake ni kama la kalamu nene. Mtu hukichovya katika maji, na baada ya kitambo kidogo tarakimu hutokea juu yake. Tarakimu hiyo humweleza mkulima kama maji yake au udongo wake ni mchachu, au una hali ya magadi, au uko katikati.

Kwa jinsi chombo hiki kilivyo rahisi kukitumia, watu wengi hudhani kwamba hakina elimu ndani yake. Hiyo ni dhana isiyo sawa. Mita ya pH si kama rula, ambayo ukishainunua hukupa kipimo kile kile mpaka ivunjike. Hii ni kama mizani ya dukani, ambayo haina budi kukaguliwa mara kwa mara, la sivyo itadhulumu bila ya mwenyewe kujua. Tena ubaya wake mkubwa ni huu: mita iliyoharibika haikai kimya. Huendelea kutoa tarakimu vile vile, na mwenye nyumba huendelea kuisadiki. Asiye na mita huenda kwa hadhari. Mwenye mita mbovu huenda kwa ujasiri, na kwa ujasiri huo humwaga chokaa au tindikali mahali pasipohitaji, akaiua mimea aliyotaka kuiponya. Basi yafaa tulieleze jambo hili kwa utulivu, tangu mwanzo wake.

PH NI KITU GANI?

Kipimo hiki kilibuniwa mwaka 1909 na mtaalamu wa kemia wa Denmark aliyeitwa Søren Sørensen, ambaye alikuwa akifanya kazi katika maabara moja mjini Copenhagen. Alitaka njia fupi ya kutaja uchachu wa maji bila ya kuandika hesabu ndefu. Ngazi yake huanza 0 na kufika 14. Katikati, yaani 7, ni hali ya maji safi kabisa, si machachu wala si ya magadi. Chini ya 7 ni uchachu. Juu ya 7 ni hali ya magadi. Maji ya ndimu hukaribia 2, maziwa mabichi ya ng'ombe huwa chini kidogo ya 7, na maji ya sabuni ya kufulia huweza kufika 9 au 10.

Lakini kuna jambo moja ambalo msomaji hana budi kulishika vizuri. Kila hatua moja katika ngazi hii ni mara kumi ya ile nyingine. Udongo wa 5 si mchachu kidogo tu kuliko udongo wa 6, bali uchachu wake ni mara kumi zaidi. Na ukiulinganisha na ule wa 7, ni mara mia moja. Kwa hiyo kosa la nusu hatua, ambalo kwa macho ni dogo, kwa mmea ni kubwa.

Mita yenyewe ilitokea katika shughuli za matunda. Mwaka 1934 huko California, Marekani, mwalimu mmoja wa kemia, Arnold Beckman, aliombwa na rafiki yake aliyefanya kazi katika chama cha wakulima wa matunda amtengenezee njia ya kupima uchachu wa maji ya malimau. Karatasi za rangi zilizotumika wakati huo hazikufaa, kwa sababu dawa iliyotiwa katika maji hayo ili yasioze ilizichujusha rangi. Beckman akaunganisha kipira cha kioo chembamba na vifaa vya umeme vya kukuza nguvu ndogo, akapata chombo kilichoweza kusomwa na mtu yeyote. Kalamu tunayoinunua leo madukani ni mjukuu wa chombo kile, na kazi yake ni ile ile. Ndani ya ncha yake mna kipira cha kioo cha namna ya pekee, na kwa kuwa maji ya ndani ya kipira hayalingani uchachu na maji ya nje, hutokea nguvu ndogo sana ya umeme. Mita huipima nguvu hiyo na kuigeuza kuwa tarakimu. Kioo hicho ndicho roho ya mita. Kioo kikifa, mita imekufa.

KWA NINI MIMEA HUJALI

Mmea hauli mbolea kama sisi tunavyokula wali. Hunywa chakula kilichoyeyuka katika maji, na kuyeyuka huko hutegemea uchachu. Udongo ukiwa mchachu sana, fosforasi hushikamana na madini ya chuma na aluminiamu, nao mmea hauwezi kuipata. Tena aluminiamu yenyewe huyeyuka na kuidhuru mizizi. Udongo ukiwa na magadi mengi, madini ya chuma na zinki hufungika, na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Mwenye bustani huona manjano, akadhani mmea una njaa. Akaongeza mbolea, na manjano yasiondoke. Chakula kimo mezani, lakini mkono umefungwa.

Mboga zetu nyingi, kama nyanya, pilipili, sukuma wiki na mchicha, hupenda udongo wenye pH ya 6.0 mpaka 7.0 hivi. Viazi mviringo huvumilia uchachu zaidi. Chai hutaka uchachu hasa, wa 4.5 mpaka 5.5, ndiyo sababu hustawi katika nchi za mvua nyingi kama Kericho na Bukoba, ambako mvua ya miaka mingi imeosha chokaa ya udongo. Mimea inayopandwa ndani ya maji bila ya udongo, ile iitwayo haidroponiki, hutaka maji ya 5.5 mpaka 6.5.

Kwa upande wa pwani, mambo huwa kinyume. Ardhi nyingi ya Mombasa, Unguja na Mafia imekaa juu ya mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa tupu. Na maji ya visima vya huko mara nyingi ni mazito kwa chokaa hiyo. Hapo twapenda kutoa onyo juu ya desturi moja iliyoenea. Watu wengi hutia majivu ya jiko katika matuta ya mboga, wakijua kwamba majivu ni mbolea. Ni kweli yana potasiamu. Lakini pia yana hali ya magadi kali. Katika udongo mchachu wa milimani majivu kidogo ni dawa. Katika udongo wa maweni ni kuongeza maji baharini, tena maji ya chumvi. Maji ya kufulia nguo nayo, kwa sababu ya sabuni yake, huusukuma udongo upande huo huo. Lakini maji yaliyobaki ya kutawadhia, kwa kuwa hayana sabuni, yafaa sana kumwagiwa mboga, na kuyatumia hivyo ni kujiepusha na israfu.

JE, KILA NYUMBA YAHITAJI MITA?

Twasema bila ya kuficha: hapana. Mwenye matuta mawili au matatu ya mboga uani, ambaye hupima udongo mara moja kwa mwaka, hana haja ya kununua chombo ambacho kitalala sandukuni miezi kumi na moja kikikauka. Huyo yamfaa zaidi kupeleka sampuli ya udongo maabara. Katika Kenya, taasisi ya utafiti wa kilimo, KALRO, ina maabara ya udongo Kabete. Katika Tanzania, kituo cha TARI Mlingano, Mkoa wa Tanga, kazi yake mahsusi ni udongo, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro nacho kina maabara. Majibu ya maabara humweleza mkulima zaidi ya pH, kwa maana humwambia pia hali ya mbolea zilizomo.

Anayehitaji mita ni yule apandaye katika maji, kwa sababu maji hubadilika kila siku. Na yule apandaye katika magunia na ndoo nyingi kwa ajili ya kuuza. Na kikundi cha majirani au cha akina mama wanaolima pamoja. Kwa kikundi, mita moja nzuri ni bora kuliko mita kumi dhaifu, mradi pawe na mtu mmoja aliyekabidhiwa kuitunza. Kitu cha shirika kisichokuwa na mlinzi huharibika upesi. Aliyekabidhiwa na aione kuwa ni amana.

KUICHAGUA

Sokoni kuna vipimo vya namna nne, na bei zao zimepishana sana.

Namna ya kwanza ni karatasi na dawa za matone zinazogeuka rangi. Ni rahisi, hazihitaji betri, na hazidanganyi sana. Upungufu wake ni kwamba jicho la mtu haliwezi kutofautisha rangi zinazokaribiana, hasa maji yakiwa na rangi ya mbolea. Kwa anayeanza, zatosha. Hata mwenye mita yafaa awe nazo kidogo kabatini, ili siku mita ikisema jambo la ajabu apate shahidi wa pili.

Namna ya pili ni ile mikuki ya chuma inayochomwa ardhini, yenye mshale na isiyo na betri, ambayo mara nyingi hujidai kupima pH, unyevu na mwanga kwa pamoja. Hii haina kipira cha kioo. Ni vyuma viwili vya namna mbalimbali vinavyozaa umeme mdogo vikikutana na udongo wenye maji. Umeme huo hubadilika kwa unyevu, kwa chumvi, na hata kwa jinsi udongo ulivyoshikana na chuma. Twawashauri wasomaji wetu wasiitegemee kwa uamuzi wowote wa maana.

Namna ya tatu ni kalamu yenye kipira cha kioo na betri. Hii ndiyo ifaayo nyumbani. Namna ya nne ni mita ya mkononi au ya mezani, ambayo kioo chake kimeunganishwa kwa waya na huweza kubadilishwa peke yake. Hiyo ni ghali zaidi, lakini kwa kikundi au kwa mfanya biashara huenda ikawa rahisi mwishoni, kwa sababu kioo kikichoka hanunui mita nzima.

Mtu anapokwenda kununua kalamu, na aulize maswali haya.

Kwanza, je, yaweza kusahihishwa kwa nukta mbili au zaidi? Ile ya nukta moja tu iache.

Pili, usahihi wake ni kiasi gani? Hapa wanunuzi wengi hudanganyika. Mita huweza kuonyesha tarakimu mbili baada ya nukta, kama 6.37, na hali usahihi wake ni kumi moja tu juu au chini. Wingi wa tarakimu ni jambo moja na ukweli wa tarakimu ni jambo jingine. Kwa bustani, usahihi wa 0.1 watosha kabisa, usilipie zaidi.

Tatu, je, hurekebisha joto yenyewe? Kioo hufanya kazi kwa namna mbalimbali katika baridi na katika joto, na kwetu maji ya asubuhi na ya adhuhuri si sawa. Mita ifaayo ina kipimajoto ndani yake.

Nne, je, kioo chake huweza kubadilishwa, na je, chapatikana? Kioo huchakaa hata kisipotumika, na kwa kawaida maisha yake ni mwaka mmoja au miwili hivi, huku sanduku la umeme likidumu zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo usinunue mita iliyokaa rafuni muda mrefu. Ikiwa ina tarehe ya kutengenezwa, itazame. Fungua kifuniko, ikiwa ndani mna unyevu au sifongo yenye maji, ni dalili njema, ikiwa pakavu kabisa, tilia shaka.

Tano, je, hutumia betri za kawaida zinazopatikana mtaani? Na je, haiingii maji? Chombo cha kuchovya majini siku moja kitaangukia majini.

Sita, je, dawa za kuisahihishia na kuihifadhia zapatikana karibu? Mita isiyokuwa na dawa zake ni kama taa isiyokuwa na mafuta. Mwenye kununua na atenge fedha za dawa hizo siku ile ile ya kununua mita.

KUISAHIHISHA

Kusahihisha mita ni kuichovya katika maji ambayo pH yake inajulikana kwa yakini, kisha kuiambia, kwa kubonyeza kitufe, kwamba hii ndiyo tarakimu ya haki. Maji hayo ya kusahihishia huuzwa tayari katika chupa, au kama unga katika pakiti wa kuyeyusha. Pakiti nyingi hutaka mililita 250 za maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa. Lakini soma kwanza kilichoandikwa.

Jihadhari na mtego mmoja. Kuna mita zilizotengenezwa kwa maji ya 4.01, 7.00 na 10.01, na kuna nyingine za 4.00, 6.86 na 9.18. Mita iliyoandaliwa kwa 7.00 ukiitia katika maji ya 6.86, kisha ukabonyeza kitufe, umeifundisha uongo wa zaidi ya kumi moja tangu mwanzo, nayo itaushika uongo huo kwa uaminifu. Basi hakikisha kwamba dawa na mita ni za kundi moja.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mimina maji ya 7 kidogo katika kikombe kisafi, na ya 4 katika kikombe kingine. Suuza ncha ya mita kwa maji yaliyokenekwa, kisha ikaushe kwa kuigusisha polepole na karatasi laini. Usiisugue, maana kusugua huzaa umeme katika kioo na huweza kukikwaruza. Ichovye katika 7, itikise kidogo, ngoja mpaka tarakimu itulie, kisha sahihisha. Suuza tena, ichovye katika 4, ngoja, sahihisha. Kwa mkulima, 7 na 4 zatosha, kwa sababu mboga zake zote zimo katikati ya hizo mbili. Maji ya 10 hayamfai sana, na tena hayo huharibika upesi kwa kunyonya hewa ya kaboni.

Ukimaliza, mwaga maji uliyotumia. Usiyarudishe chupani kamwe, kwa maana tone moja chafu huiharibu chupa nzima. Bakhili wa kikombe kimoja hupoteza chupa.

Ni mara ngapi isahihishwe? Mwenye kupima maji kila siku, na asahihishe mara moja kwa wiki, na kuikagua katika maji ya 7 kila siku mbili au tatu. Mwenye kupima kwa nadra, na asahihishe kila anapotaka kupima. Na mita ikianguka, au ikikauka, au ikisafishwa, isitumike mpaka isahihishwe kwanza. Yafaa kuweka daftari dogo la kuandika tarehe, na tarakimu iliyoonekana kabla ya kusahihisha. Kazi hii ni nzuri kwa kijana wa nyumba. Daftari hilo ndilo litakaloonyesha mapema kwamba mita inazeeka, kwa sababu tofauti itakuwa ikikua wiki kwa wiki.

KUPIMA

Kwa udongo, usiichome kalamu ya kioo ardhini, kioo kitapasuka. Chota udongo mahali patano au zaidi pa bustani, kwa kina cha sentimita 15 hivi, uchanganye, utoe mawe na mizizi, uanike kivulini ukauke. Twaa kipimo kimoja cha udongo na vipimo viwili na nusu vya maji yaliyokenekwa, au ya mvua safi. Ukoroge vizuri, uache nusu saa, ukoroge tena kidogo, kisha upime. Usitumie maji ya bomba wala ya kisima, kwa maana chokaa yake itajibu badala ya udongo. Na kila mwaka fanya kwa njia ile ile, upate kulinganisha.

Kwa mimea ya majini, tia mbolea kwanza, ukoroge, ndipo upime, kwa sababu mbolea yenyewe hubadilisha uchachu. Ukirekebisha, ngoja robo saa, upime tena, na kesho yake uangalie. Maji ya visima vya pwani, kwa wingi wa chokaa yake, huwa na tabia ya kupanda tena baada ya kushushwa. Hapo mtu asikasirike na mita. Mita yasema kweli.

KUITUNZA

Sasa twafika penye makosa mengi. Kosa la kwanza ni kuiacha ncha ikauke. Kosa la pili, ambalo hufanywa na watu waangalifu, ni kuihifadhi katika maji yaliyokenekwa. Mtu hufikiri kwamba maji safi hayawezi kudhuru. Lakini ndani ya ncha mna chumvi maalumu ambayo mita haiwezi kufanya kazi bila ya hiyo, na maji matupu huivuta chumvi hiyo nje polepole. Maji hayo ni ya kusuuzia tu, si ya kulalia.

Maji ya kuihifadhia ni maji ya potasiamu kloridi, ambayo huuzwa tayari. Matone machache katika kifuniko au katika sifongo yake yatosha. Sharti ni kwamba kioo kisikose unyevu. Ikiwa yamekwisha na hakuna mengine karibu, maji ya kusahihishia ya 4 ni bora kuliko maji matupu, mpaka yatakapopatikana. Ukiona chumvi nyeupe imeganda nje ya kifuniko, usishtuke, isuuze tu.

Mita iliyokauka isitupwe papo hapo. Ilaze katika maji yake ya kuhifadhia usiku kucha, kisha ijaribu. Iliyochafuka kwa udongo ioshwe kwa maji vuguvugu yenye sabuni kidogo ya vyombo. Iliyoshika ukoko mweupe wa maji ya chokaa ilazwe katika siki nyeupe dakika kumi au kumi na tano, isuuzwe, irudishwe katika maji ya kuhifadhia muda wa saa moja, kisha isahihishwe. Usikikwangue kioo kwa kisu, wala kwa ukucha, wala kwa brashi ngumu. Usiiache juani wala ndani ya motokaa iliyofungwa. Ikiwa haitatumika kwa miezi, toa betri, lakini kila baada ya wiki mbili itazame kama bado ina unyevu.

Na utajuaje kwamba imekwisha? Itaonyesha dalili. Zamani tarakimu ilitulia upesi, sasa hutangatanga dakika mbili au tatu. Au, baada ya kusahihishwa kwa 7, yasoma 4.6 penye maji mapya ya 4, na haitaki kurekebika. Ikiwa umeisafisha na kuilaza, na bado ni hivyo, badilisha kioo. Kuendelea nayo kwa sababu ilinunuliwa ghali ni kununua hasara ya pili.

ONYO JUU YA TINDIKALI

Hatuwezi kulifunga somo hili bila ya kuzungumza juu ya watoto wetu. Mwenye mita mara nyingi huwa pia na chupa ya tindikali ya kushushia pH. Dawa hiyo, hata kidogo, huunguza macho, koo na ngozi. Isiwekwe kamwe katika chupa ya soda wala ya maji ya kunywa, hata kwa saa moja, kwa sababu mtoto mwenye kiu hasomi maandishi. Ikae katika chupa yake ya asili, mahali palipofungwa kwa ufunguo, juu kuliko mkono wa mtoto. Anayeitumia avae miwani na glavu. Na atie tindikali katika maji, asitie maji katika tindikali, kwa maana hiyo ya pili huchemka na kuruka. Ikimrukia mtu machoni, aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka muda usiopungua dakika ishirini, kisha apelekwe hospitali.

Na kuna jambo linalochanganya watu madukani. Mtu akiulizia maji ya betri, huweza kupewa maji yaliyokenekwa, ambayo yafaa kusuuzia mita. Na pia huweza kupewa tindikali ya betri, ambayo ni hatari kubwa. Soma chupa kabla ya kulipa, na ukiwa na shaka usinunue. Tindikali ya betri si dawa ya mimea.

Wengine hutumia ndimu au siki badala ya tindikali ya dukani. Kwa usalama ni afadhali, lakini faida yake haidumu, kwa sababu vijidudu vilivyomo majini huila, na baada ya siku moja au mbili pH hupanda tena. Kwa ndoo moja ya majaribio ya kijana yafaa. Kwa mabomba mengi haifai.

Ama udongo, usitarajie kuugeuza kwa siku. Chokaa katika udongo mchachu huchukua miezi kufanya kazi, na kiasi chake hutegemea udongo wenyewe: mfinyanzi huhitaji nyingi kuliko mchanga, hata kama pH yao ni moja. Kwa hiyo tia kwa ushauri wa maabara au wa bwana shamba, si kwa tarakimu ya mita peke yake. Na mwenye udongo wa matumbawe asipoteze fedha kuumwagia tindikali, maana chokaa iliyomo haitakwisha. Huyo na apande katika magunia yenye udongo ulioletwa na samadi iliyooza vizuri, au achague mimea inayoivumilia ardhi yake.

Kwa ufupi, twawaomba wasomaji wetu washike mambo manne. Usinunue mita kabla ya kujua kama unaihitaji. Ukiinunua, nunua na dawa zake. Usiisadiki kabla ya kuisahihisha. Na usiiache ikauke. Mwenye kuyashika hayo ataokoa fedha ya mbolea isiyohitajika, na atapata mboga za kuwalisha watu wa nyumba yake na za kumpelekea jirani. Vijana wetu nao watajifunza bustanini somo litakalowafaa kila mahali, kwamba kipimo hakina budi kupimwa kwanza chenyewe, kabla ya kukitumia kupimia kitu kingine.